Nyumba ya marobota ya mabua ya mpunga Dodoma: mwongozo kamili, kuanzia jaruba hadi lipu ya mwisho

Mpunga wa Bahi, mkoani Dodoma, ukishavunwa, mabua hubaki yametapakaa majarubani. Mengine huliwa na ng'ombe, mengine hupigwa kiberiti. Mabua hayohayo yakikaushwa na kufungwa marobota magumu hutoa ukuta wa nusu mita unaozuia joto la Oktoba lisiingie ndani, bila kukata mti wa kuchomea tofali. Ujenzi huu ulianzia Nebraska, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, baada ya mashine za kufunga majani kufika kwenye nyika isiyo na miti ya mbao. Kanisa la marobota lililojengwa mwaka 1928 katika mji mdogo wa Arthur bado limesimama.

Kupanga marobota ndiyo sehemu nyepesi ya kazi, na familia nzima inaweza kushiriki. Kinachoamua nyumba idumu au ioze ni msingi ulioinuliwa, paa lenye upenu mpana, na kazi kumalizika kabla ya Desemba. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maji na mchwa.

Panafaa wapi, na wapi pasijaribiwe

Dodoma hupata mvua ya karibu milimita 570 kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili. Inayobaki ni miezi mirefu ya jua na upepo, na mabua hayahitaji zaidi ya hapo. Tembe la Wagogo, lenye kuta za miti na udongo na paa bapa la udongo, lilitegemea ukavu huohuo.

Usijenge kwenye udongo mweusi wa mbuga. Ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka, na lipu ya udongo haivumilii msingi unaochezacheza. Tafuta udongo mwekundu au wa kichanga, mahali palipoinuka, pasipopitiwa na maji ya korongo. Kiwanja kidogo cha mjini nacho hakifai sana, kwa sababu kuta nene hula nafasi. Nyumba ya mita 8 kwa 6 kwa nje ikijengwa kwa tofali za sentimita 15 hubaki na karibu mita za mraba 44 za ndani. Ikijengwa kwa marobota hubaki na 35 hivi. Ukiwa Chamwino, Bahi au Kongwa vijijini hutaona shida. Kwenye kiwanja cha mita 15 kwa 20, utaiona.

Ndani ya eneo la mipango miji lazima uwe na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Peleka mchoro ambao paa linabebwa na nguzo na boriti, marobota yakijaza nafasi tu. Mhandisi anaweza kupiga hesabu ya mbao na kuweka saini. Akiletewa ukuta wa mabua unaobeba paa, kuna uwezekano mkubwa atakurudisha nyumbani.

Kalenda kwanza

Nunua mabua mara tu baada ya mavuno, Mei hadi Julai. Ukichelewa hadi Septemba utagombania na wafugaji, na mwaka wa ukame bei itakushinda. Msingi uchimbwe na kujengwa Juni na Julai. Nguzo na paa visimame Agosti. Marobota yapangwe chini ya paa mwanzoni mwa Septemba, na lipu zote ziwe zimekauka katikati ya Novemba. Ratiba ikiteleza, funika kuta ambazo hazijapigwa lipu kwa turubai na usubiri mwaka unaofuata kuzimaliza. Robota lililonyeshewa likapigwa lipu huozea ndani kimyakimya.

Kuchagua na kufunga marobota

Mabua ya mpunga ndiyo chaguo la kwanza. Yana silika nyingi (madini magumu yaliyomo pia kwenye mchanga), hayaozi upesi, na wadudu hawayapendi kama mabua mengine. Ya ngano kutoka Hanang' ni mazuri pia, ila usafiri utakula akiba yako. Mabua ya mtama, uwele na mahindi yaache: ni manene, yana uboho mtamu unaoita mchwa, na hayashikani. Majani ya malisho yanayofungwa Kongwa yamekusudiwa ng'ombe. Yana mbegu na majani mabichi, kwa hiyo huleta panya na ukungu.

Kama hupati mashine ya kufungia, tengeneza sanduku la mbao za inchi 2 lisilo na mfuniko wala kitako, lenye nafasi ya ndani ya upana wa sentimita 45 na kimo cha 35, na urefu wa kutosha kutoa robota la sentimita 90. Tandika kamba mbili kwanza, jaza mabua kwa tabaka yakiwa yamelala upande mmoja, kisha kandamiza kwa ubao na jeki ya gari iliyoegemezwa kwenye fremu ya chuma. Ongeza, kandamiza tena, funga. Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2005 kaskazini mwa Pakistan, nyumba za gharama ndogo zilijengwa huko kwa marobota ya sanduku na jeki, kwa hiyo njia hii si ya kubahatisha. Tumia kamba ya plastiki. Ya katani hutafunwa na panya na huoza.

Robota zuri hupita majaribio haya:

- Lina uzito wa kilo 15 au zaidi likiwa kavu. Kanuni za ujenzi za Marekani hudai angalau kilo 104 kwa mita ya ujazo, na robota la vipimo hivi lina ujazo wa mita 0.142.
- Ukilinyanyua kwa kamba moja halipindi, na vidole viwili hupenya kwa shida chini ya kamba.
- Ukilisimamia, mguu hauzami.
- Unyevu hauzidi asilimia 20. Lenga chini ya 15. Pima gramu 1,000 za mabua kutoka katikati ya robota, yakaushe kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo huku ukigeuza, pima tena hadi uzito usipungue. Zikibaki gramu 850 au zaidi, uko salama. Mabua yenye madoa meusi au harufu ya ukungu usiyapime, yaondoe.

Hifadhi marobota juu ya magogo au mabanzi chini ya paa, yasiguse ardhi hata usiku mmoja. Mchwa hawasubiri.

Hesabu ya nyumba ya mfano

Tuchukue hiyohiyo ya mita 8 kwa 6, milango miwili na madirisha matano. Fremu za nje zifuate vipimo vya robota: mlango sentimita 90 kwa 210, yaani mistari sita ya marobota; dirisha 90 kwa 105, yaani mistari mitatu. Fundi akikuletea dirisha la vipimo vyake, utakata marobota siku nzima.

Katikati ya ukuta, mzunguko ni mita 26.2. Mistari saba ya sentimita 35 hutoa kimo cha mita 2.45, sawa na mita za mraba 64. Toa milango na madirisha, mita za mraba 8.5, hubaki karibu 56. Robota moja hufunika mita za mraba 0.315, kwa hiyo unahitaji 177. Ongeza asilimia 10 za kukata na kutupa, panga 195. Uzito wake hauzidi sana tani 3, ila hujaza mita za ujazo 28. Roli litajaa kabla halijalemewa, hivyo kubaliana bei kwa safari, usikubaliane kwa tani. Kutoka Bahi hadi Dodoma mjini ni kama kilomita 60.

Elekeza urefu wa nyumba mashariki–magharibi, madirisha yawe kaskazini na kusini. Ukuta wa magharibi, unaochomwa na jua la alasiri, usiwe na dirisha. Baraza iwe mashariki, upande unaopigwa zaidi na upepo. Kuta za kugawa vyumba jenga kwa tofali mbichi za udongo. Mabua huzuia joto lakini hayatunzi ubaridi. Udongo ulio ndani hupoa usiku wa Dodoma na kukaa na ubaridi huo mchana. Bafu na sehemu ya kuoshea vyombo vijengwe kwa tofali za saruji au za kuchoma, mbali na ukuta wa mabua, na bomba lolote la maji lisipite ndani ya robota. Jikoni pa kuni pawe nje.

Msingi

Ng'oa visiki, chimba vichuguu hadi malkia apatikane, na uondoe mizizi yote kwenye eneo la nyumba. Chimba mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha 60, zaidi kama hujafika udongo mgumu. Dodoma imezungukwa na milima ya miamba ya granite, kwa hiyo jenga kwa mawe. Ukuta wa msingi uwe na upana wa sentimita 45 na uinuke sentimita 45 juu ya ardhi. Usikubali 20. Tone la mvua linaloanguka kwenye ardhi kavu hurusha tope juu, na hapo ndipo kuta za udongo huanza kumomonyoka.

Kwa mfano wetu unahitaji karibu mita za ujazo 15 za mawe yaliyojengwa. Mota ya saruji 1 kwa mchanga 5 itameza mifuko kama 28. Juu yake mwaga mkanda wa zege wa sentimita 10 wenye nondo mbili za milimita 12 kuzunguka nyumba nzima, mifuko mingine 8. Usiuruke, Dodoma iko kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa na mitetemo husikika.

Kabla ya kumwaga zege, laza vipande vya bomba la inchi 1 vikikatiza mkanda kutoka nje hadi ndani, kimoja kila sentimita 90, jumla karibu 29. Humo ndimo itapita mikanda ya kukazia kuta. Hili husahaulika mara kwa mara, na kutoboa zege lililokauka ni adhabu. Pachika pia vyuma vya kushikia nguzo 14.

Zege likikauka, tandika plastiki nzito ya kuzuia unyevu, kisha bati laini linalotokeza sentimita 5 pande zote mbili na kukunjwa kuelekea chini. Maungio yake yapandane na kuzibwa. Bati hili haliui mchwa. Huwalazimisha kujenga njia yao ya udongo mahali unapoiona, na ukiiona unaivunja. Mwisho pigilia mistari miwili ya mbao za inchi 2 kwa 4 zilizotiwa dawa, mmoja ukingo wa nje na mwingine wa ndani, na katikati ujaze kokoto kavu. Marobota yatakaa juu ya mbao hizi, na sakafu iwe chini yake kwa sentimita 5 au zaidi. Ndoo ikimwagika chumbani, maji yasifike kwenye mabua.

Nguzo na paa

Nguzo 14 za mlingoti (mkaratusi) uliotiwa dawa, kipenyo cha sentimita 10 hadi 12, zisimame juu ya mkanda wa zege, upande wa ndani, moja kila mita 1.85 hivi. Kuzichimbia ardhini ni kuwaandalia mchwa ngazi. Pigilia mbao za mshazari kwenye kila kona, pande zote mbili, maana marobota peke yake hayazuii nyumba kuyumba. Boriti ya juu iwe mbao mbili za 2 kwa 6 zilizounganishwa, na kila kenchi ifungwe kwenye boriti kwa mkanda wa chuma. Upepo wa Dodoma hung'oa bati zilizotegemea misumari peke yake.

Upenu usipungue sentimita 90, na baraza ya mashariki ifike mita 1.5. Paa hili litafunika karibu mita za mraba 81 za ardhi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo hata ukipoteza asilimia 20 utavuna lita 36,000 na zaidi kwa mwaka. Gata zinazopeleka maji kwenye tangi zinakupa maji ya kunywesha miti na wakati huohuo zinalinda ukuta.

Kupanga ukuta

Anzia kwenye kona na kwenye fremu za milango, malizia katikati. Kila mstari uvunje maungio ya mstari wa chini kama tofali. Usilazimishe robota kwa nyundo kwenye nafasi ndogo, litasukuma kona nje ya timazi. Kupata nusu robota, tengeneza sindano ya nondo ya milimita 10 yenye urefu wa sentimita 70 na tundu nchani, pitisha kamba mpya mbili pale unapotaka kugawa, zifunge kwa nguvu, ndipo ukate kamba za zamani.

Ukifika juu, pitisha mikanda ya kufungia mizigo kwenye yale mabomba ya msingi, izungushe juu ya mbao zilizolala kwenye mstari wa mwisho, na ikaze kidogo kidogo ukizunguka nyumba. Ukuta utashuka sentimita 2 hadi 5. Nafasi inayobaki chini ya boriti shindilia mabua yaliyochovywa kwenye uji wa udongo. Fito mbili zinazotazamana, ndani na nje, zilizofungwa kwa kamba inayopenya ukuta kila sentimita 90, huzuia kuta kutumbukia au kuchomoza. Mianya yote jaza mabua yenye udongo. Mabua makavu yaliyolegea ni njia ya panya na ya moto.

Siku hizi za kupanga ukuta ndizo za hatari kubwa ya moto. Fagia mabua kila jioni, weka mapipa ya maji, asivute mtu sigara wala kuchomelea chuma karibu. Lipu ikishapigwa, hali hubadilika: katika majaribio ya maabara yaliyofanyika Marekani mwaka 2006, ukuta wenye lipu ya udongo ulistahimili moto saa 1, na wenye lipu ya saruji na chokaa saa 2.

Dirisha ndilo mahali maji huingilia mara nyingi. Chini ya kila fremu tandika plastiki inayopanda sentimita 15 pembeni, kisha kizingiti cha zege kinachoteremka kuelekea nje na kutokeza sentimita 5 kupita lipu, chenye mfereji mdogo upande wa chini ili tone lidondoke badala ya kurudi ukutani. Kwenye ukuta, hapa tu ndipo plastiki inaruhusiwa. Kuvisha ukuta mzima plastiki ni kuufungia jasho ndani.

Lipu

Mafundi wengi watakusihi utumie saruji, na wana nia njema. Lipu ya saruji hupata nyufa nyembamba. Maji huingia kwa nyufa hizo na hayatoki, kwa sababu saruji haipumui vya kutosha. Nje ukuta unaonekana imara huku nyuma yake mabua yakigeuka samadi. Udongo na chokaa huruhusu unyevu kutoka.

Pima udongo kwanza. Jaza theluthi ya chupa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha siku nzima. Mchanga hukaa chini, mfinyanzi juu. Kisha piga vipande vya majaribio vya sentimita 30 kwa 30 ukutani, kwa uwiano wa udongo wa mfinyanzi 1 na mchanga 2, na 1 kwa 3, kila kimoja kikiwa na mabua yaliyokatwa ya sentimita 5, ujazo 1. Kikipasuka, ongeza mchanga na mabua. Kikipukutika ukikisugua kwa kidole, ongeza mfinyanzi.

Nyoa ukuta kwa panga lililonolewa. Funika mbao zote zinazoonekana kwa gunia au wavu wa kuku, maana udongo haushiki kwenye mbao. Koti la kwanza ni uji mzito wa udongo unaosukumwa ndani ya mabua kwa viganja, na mikono mitupu huifanya kazi hii vizuri kuliko mwiko. La pili, likiwa na mabua, lina unene wa sentimita 2 hadi 2.5. Acha likauke kabisa, nyufa na zijitokeze, zizibe. Kwa kuta zote unahitaji karibu mita za ujazo 5 za mchanganyiko mbichi, ndoo 250 za lita 20.

Ndani maliza kwa udongo laini uliochekechwa. Nje lowesha koti la pili na upige chokaa 1 kwa mchanga safi 3, unene wa milimita 8, mifuko 4 hadi 5 ya kilo 25. Loweka chokaa angalau saa 24 kabla. Vaa glavu na miwani. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi na uende hospitali. Upepo wa Oktoba hukausha chokaa kabla haijashika, kwa hiyo piga asubuhi na jioni, tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, na nyunyiza maji kwa siku 5 hadi 7.

Dari, kisha pesa

Ukuta mnene chini ya bati tupu ni kazi bure, joto litashuka kutoka juu. Weka dari na juu yake tandaza sentimita 10 za mabua yaliyochovywa kwenye uji wa udongo na kukaushwa juani kabla ya kupandishwa. Mwambie seremala mapema, kwa sababu uzito unaweza kufika kilo 30 kwa mita ya mraba na fremu ya dari ya kawaida italegea.

Kuhusu gharama, usitegemee miujiza. Msingi, paa, milango na madirisha hugharimu sawa na nyumba nyingine, au zaidi kidogo kwa sababu ya upenu. Akiba hutoka kwenye tofali, saruji ya kuta na lipu, na kwenye vibarua kama una watu wa kusaidia. Ukiajiri fundi kwa kila hatua, akiba hiyo itayeyuka.

Mvua ya kwanza ya Desemba ikinyesha, zunguka nyumba ikiwa bado inanyesha: angalia gata zinapofurikia, tope linapofika ukutani, maji yanapotuama. Ukanda wa mita moja kuzunguka nyumba uwe wa kokoto tupu, bila ua wala mboga, na kila wiki ukague lile bati la msingi kama kuna njia ya mchwa. Ufa kwenye chokaa uzibwe wiki hiyohiyo kwa chokaa, na kila baada ya mwaka mmoja au miwili, mvua zikishakatika, paka nje koti jipya la maji ya chokaa.